Sura za Kurasa Nane Nane

Kazini walimwita Pima Maji, kama kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa anapanga vigae kwenye sakafu za watu. Kila kigae alikipima mara tatu, pale ambapo wenzake walipima mara moja na kuapa kwamba kimenyooka. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ukimsalimia asubuhi, jibu lilitoka ukiwa umeshampita.

Lakini mtu aliyepiga magoti sakafuni ana faida moja: watu humsahau. Wenye nyumba waligombana juu ya kichwa chake, wakapatana, wakapanga harusi na kuvunja uchumba, naye chini akisawazisha saruji kwa mwiko. Aliyasikia yote akayabeba nyumbani. Shule ilimwachia darasa la saba. Alipofika miaka arobaini na minne akanunua daftari la hesabu, lile la visanduku, akaanza kuandika riwaya.

Ilikuwa habari ya ndugu wawili walioachiwa na baba yao nyumba moja, yenye mlango katikati. Siku moja kaka mkubwa akauziba mlango ule kwa matofali. Pima Maji aliandika kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, ukurasa mmoja, iwe mvua au jua. Akiwa na homa aliandika nusu. Kuna majuma mazima aliyoyapoteza kwa kufuta alichoandika, lakini kiti hakukikimbia. Miaka saba ikakatika namna hiyo, madaftari yakafika tisa.

Mkewe, mama wa pacha wao waliokwisha kujitegemea, alijua anaandika, maana wino ulikuwa unaonekana kwenye mikono ya shati kila Jumapili. Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alikuwa amepiga pasi mashuka kwa miaka kumi na tisa bila kuunguza hata foronya moja, na jambo hilo alipenda watu walijue. Pima Maji hakuwahi kumsomea hata mstari. Aliona haya, kama kijana aliyekutwa anajitazama kwenye kioo.

Mambo yalibadilika alipopewa kazi ya kupanga vigae maktaba. Ukutani palikuwa na tangazo: darasa la waandishi, kila Jumamosi mchana. Alilisoma siku zote kumi na mbili za kazi ile. Alipomaliza sakafu, ilimchukua wiki tatu nyingine kurudi na kuingia mlangoni kama watu wengine.

"Fundi!" mkutubi alishtuka. Alikuwa dada mdogo kwake kwa umri, mchangamfu. "Kuna kigae kimelegea?"

"Hapana, dada. Nimekuja darasani."

Mwaka ukapita akikaa kiti cha nyuma. Kisha mkutubi akaleta habari: mchapishaji mmoja amekubali kusoma mswada mmoja kutoka darasa lile. Mmoja tu. Waliokuwa wamemaliza kuandika ni wawili, Pima Maji na karani mstaafu wa mahakama, bwana mwenye sauti nzito na kalamu tatu mfukoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mmoja angesoma sura moja kwa dakika kumi, na darasa lingechagua.

"Mimi sina neno," karani alisema huku akicheka. "Ila fundi tumwachie sakafu. Riwaya ina wenyewe."

Watu wakacheka. Pima Maji naye akacheka, lakini usingizi wa siku ile haukuwa mzuri.

Baada ya darasa mkutubi akamrudishia madaftari yake, aliyokuwa amemkabidhi wiki iliyopita. "Nimeanza kuisoma, fundi. Nilipofika ukurasa wa arobaini nikalala."

"Ulikuwa umechoka, dada."

"Sikuchoka. Nilikuwa nimetoka kuamka."

Pima Maji akatazama viatu vyake. "Kosa liko wapi?"

"Ndilo sijaweza kulishika. Sentensi zako zimenyooka kweli. Msomee mtu kwa sauti, utalisikia mwenyewe. Una wiki tatu."

Jumapili mchana mkewe alikuwa sebuleni, meza imejaa nguo, pasi inafuka. Pima Maji alikaa, akakohoa, akasimama, akakaa tena.

"Una nini leo wewe?"

"Mama Pacha, nataka nikusomee kitu."

"Barua ya nani?"

"Nimeandika mimi."

"Umeniandikia barua? Baba Pacha, tunalala kitanda kimoja!"

Akasoma. Alisoma kuzaliwa kwa kaka mkubwa, akasoma meno yake ya kwanza na shule yake. Pasi ilikuwa inakwenda na kurudi, shwaa, shwaa, na mkewe akaanza kuimba kwa pua. Alipofika kwenye msiba wa baba, kitu kilibadilika chumbani, asijue ni nini. Akasoma ukurasa mzima ndipo akaelewa. Pasi ilikuwa imenyamaza. Mkewe ameisimamisha wima, juu ya kisigino cha pasi, mkono uko hewani.

Hapo akili ikamfunguka. Ukishapanga vigae na saruji ikakauka, unapita ukigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kilichoshika hutoa sauti nzito, iliyoshiba. Chenye uwazi chini yake hulia kama debe. Kwa macho vyote ni sawa, na mwenye nyumba anaweza kukusifu kwa vyote. Unakitia alama ya chaki kile kinacholia, maana siku kabati likikaa juu yake kitapasuka.

Akachukua penseli. Pasi ikinyamaza, hakufanya kitu. Pasi ikikimbia, aliweka alama ya msalaba pembeni. Mpaka nguo zinaisha alikuwa na misalaba kumi na minne, na daftari la kwanza lilikuwa halijaisha.

"Nikuulize," mkewe akasema. "Mbona hawa ndugu kila wakitaka kugombana, sura inaisha?"

"Kurasa nane zinakuwa zimetimia."

"Nane za nini?"

"Kila sura ina kurasa nane."

"Nani kakwambia?"

Pima Maji akarudi kuhesabu kurasa kwa kidole. Hakuna aliyemwambia. Vigae vya boksi moja vina kipimo kimoja, naye hakuwahi kufikiri kwamba sura ni kitu kingine.

"Na huyu anayekwenda kununua saruji, mbona njia nzima unatutajia miti?"

"Ilikuwa imefika kurasa tano tu."

Mkewe alicheka mpaka akakalia nguo alizokwisha kunyoosha. "Jamani! Kumbe ile miti ni ya kujazia!"

Iliuma. Lakini Pima Maji alijua dawa ya kigae kinacholia. Hupaki kitu juu yake ukaondoka. Unakaa na patasi, unaking'oa, unasafisha chini, unaanza upya. Alishang'oa sakafu za sebule nzima kwa makosa yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

Jumatatu alfajiri alikata maboksi ya vigae vipande vipande. Kila kipande akakiandikia tukio moja kwa maneno machache: baba anakufa, ufunguo unapotea, mlango unazibwa. Akavitandaza sakafuni sebuleni, akaanza kuvihamisha kama anavyopanga vigae vikavu kabla ya kugusa saruji, kwa kuwa kigae kikavu unakiondoa bila gharama. Mkewe alivipita kwa kuruka, kikombe mkononi.

"Hiki hapa cha nini?"

"Kaka anaota meno."

"Meno yake yanahusiana nini na mlango?"

Akafikiri. Akakiondoa. Akaondoa na shule, na safari ya saruji. Kilichobaki mbele kabisa ni mlango unazibwa, tofali la kwanza linawekwa na mdogo anarudi kutoka kazini. Kurasa sitini na moja zikatoka kwa mpigo, zikiwamo zile alizoandika na homa. Hakuzichoma. Alizifungia kwenye boksi juu ya kabati, asizione.

Ugomvi wenyewe sasa ndio ulikuwa mlima. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti ataandikaje ugomvi? Aliandika siku tano. Jumapili ya pili akasoma, na pasi haikusimama hata mara moja.

"Hawa wanagombana kama wafanyakazi wa benki," mkewe alisema. "'Kaka, umenikosea.' Nani anasema hivyo?"

"Aseme nini?"

Mkewe akashika kiuno, akamkazia macho kama ndiye kaka mwenyewe. "We kaka wewe! Mama angekuwa hai ungethubutu kushika hilo tofali? Redio ya baba umechukua, nikanyamaza. Sasa na mlango?"

Pima Maji aliandika haraka, penseli ikavunjika. Redio! Hapo akakumbuka zile sauti zote zilizopita juu ya kichwa chake miaka yote. Watu hawagombani kwa jambo lenyewe hata siku moja. Wagombanao kwa urithi hutukanana kwa ndoo iliyopotea, kwa nani alipewa paja la kuku akiwa na miaka kumi. Akawaacha wale ndugu wapigane kwa redio mbovu isiyo na betri, na mlango hawakuutaja tena mpaka mwisho. Wiki ile hakuhesabu kurasa. Sura ya ugomvi ikaja kuwa na thelathini na moja. Sura iliyofuata ikawa na tatu.

Jumapili ya tatu akasoma. Ukurasa wa pili, pasi ilisimama kwa kisigino. Ukurasa wa tisa, mkewe aliinama akachomoa waya ukutani.

"Umeme umekatika?"

"Soma."

Jumamosi ikafika. Karani alitangulia. Alisoma maneno makubwa makubwa, mazuri kwa kweli, na watu wakapiga makofi. Kisha Pima Maji akasimama na shati lake lililonyooka kuliko yeye. Akafungua daftari mezani. Pasi haikuwepo, basi akategea sikio viti vya plastiki. Vililia kwanza, huku na kule. Kaka akaweka tofali la kwanza. Mdogo akaingia na begi begani, akauliza, "Unafanya nini?" Kiti kimoja kikalia. Redio ikatajwa. Baada ya hapo hakikulia kiti chochote.

"Dakika kumi," mkutubi alisema kwa sauti ndogo.

Pima Maji, mtu wa kutii, akafunga daftari katikati ya sentensi. Mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameokota nyundo.

Kisha sauti nzito kutoka mbele: "Sasa alibomoa au hakubomoa?"

"Muda umeisha, mzee," mkutubi alimwambia karani.

"Nani kauliza muda? Nauliza nyundo!"

Waliomtaka fundi wakanyoosha mikono, ikahesabiwa. Wa karani ulikuwa wa mwisho kunyanyuka, na alinyanyua huku anatazama dirishani, lakini alinyanyua. Mkutubi akatoa bahasha kubwa ya kaki.

"Hongera, fundi. Lete yote niitie humu."

Pima Maji akayakumbatia madaftari. "Bahasha inaondoka lini, dada?"

"Jumatatu saa nne."

"Saa tatu nitakuwa mlangoni. Kuna sehemu moja karibu na mwisho bado inalia."

Alirudi nyumbani anatembea haraka kuliko kawaida yake. Mkewe alikuwa anakunja nguo ya mwisho.

"Wamesemaje?"

"Wamenichagua. Mama Pacha, kuna nguo ya kupiga pasi?"

"Zimeisha zote. Wamekuchagua, halafu unauliza nguo?"

Pima Maji akavua shati lake, akalikunjakunja mpaka likawa kama tambara, akalitandika mezani mbele yake. Kisha akafungua daftari la mwisho.

"Chomeka pasi," alisema. "Naanzia hapa."