Fundi kadi wa Rusimbi: ‘Andika jina unaloitwa mtaani’

Kigoma, 1998

SAA mbili asubuhi, Vedasto Ruhinda anaipuliza kadi iliyo mkononi mwake kama mama anayempozea mtoto uji. Mezani kuna fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa cha hariri. Anamimina wino mweusi, anauburuza kwa kipande cha mpira, anainua fremu. Kadi nyingine imetoka.

“Harakisha, baba, wenzio leo tunakaguliwa!” anasema mama aliyeketi kwenye benchi, khanga ameibana kwapani.

“Nikiharakisha wino utavuja, halafu utanisema mji mzima,” anamjibu bila kuinua macho. “Tulia, Mama Dismasi.”

Mama huyo ni Skolastika Ntakije, mpishi maarufu wa Rusimbi. Shirika moja la misaada linalohudumia wakimbizi linatafuta mtu wa kulipikia semina zake hapa mjini. Asubuhi hii anatakiwa kupeleka kadi ofisini kwao, na mchana watakuja kukagua jiko. Akipata kazi hiyo, ataachana na kubeba masufuria kandokando ya barabara, jua lake, mvua yake. Akiikosa, ndiyo basi tena. Maana alishaikosa mara moja, na iliyomponza ni kadi.

Vedasto, 41, ni mzaliwa wa Ilagala. Alianzia kwenye kuandika majina ya mitumbwi, kazi ambayo, anasema kwa kicheko, wateja wake walikuwa wakiondoka nayo ziwani kabla rangi haijakauka. Vita vya ng’ambo vilipoleta wakimbizi, na wakimbizi wakafuatwa na mashirika, mambo yakageuka.

“Zamani ukimtaka fundi unapiga hodi. Hawa wageni wa ofisini wanakuuliza kwanza, ‘Una kadi?’ Kama huna, wewe si mfanyabiashara, hata uwe na duka limejaa mpaka dari!”

Kadi mia moja anachapa kwa shilingi 3,000. Si utajiri, lakini wanawe wanakula na wanasoma, na jioni anarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kinachomchosha ni wateja wanaotaka kila kitu kiingie. Majuzi fundi cherehani mmoja alitaka ziandikwe suti, magauni, mapazia, ukatibu wake wa kwaya na picha ya mkasi. “Nikamwuliza, ndugu yangu, hii ni kadi au tangazo la msiba?”

Lakini ya Skolastika hakuibishia. Ndiyo inayomuuma mpaka leo.

“Nilimwambia aweke jina langu kamili,” anasimulia Skolastika. “Marehemu baba hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia jina. Nikasema, angalau lichapwe, watu walione.”

Likachapwa: Skolastika Ntakije, Mkurugenzi. Herufi za kujipinda, maua pembeni. Vedasto anakiri kuwa hata yeye aliionea kadi hiyo fahari.

Wiki iliyofuata, gari jeupe likaingia Rusimbi. Wakashuka watu wawili wasiofahamika, karatasi mkononi, wakauliza kwa sauti: Skolastika Ntakije anaishi wapi?

Lo! Siku hizi ambazo mtu anaulizwa babu yake alizaliwa upande gani wa mpaka, na asipojibu vizuri anapandishwa gari kupelekwa kambini, nani ashuke garini akusome jina mpaka la baba, useme ni mteja? Majirani wakaelewa jambo moja tu: wamekuja kumchukua.

Mzee Yona, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anayekula maharage ya Skolastika kila siku ya Mungu, akaapa kwamba jina hilo hajapata kulisikia. Muuza duka naye hakulijua. Mwanamke mmoja akaongeza chumvi: huyo alishahamia Kasulu. Na nyuma ya nyumba masufuria yanachemka!

Gari la shirika likageuza. Jioni majirani wakamjia Skolastika wamejaa furaha. “Tumekuokoa!”

“Nililia, nikacheka, nikalia tena,” anasema. “Ungewakasirikia vipi? Wananipenda.”

Kazi akapewa mwingine, ambaye sasa amehamia Kibondo. Ndiyo maana mlango umefunguka tena, na ndiyo maana Vedasto leo hataki malipo.

“Kadi ni ya kumleta mgeni mlangoni,” anasema. “Ile yangu ilimfukuza.”

Mpya ina maneno machache. Juu, kwa herufi nene: MAMA DISMASI. Chini yake: Chakula cha semina na shughuli. Kisha: Rusimbi, nyuma ya mashine ya kusaga. Chungu kidogo pembeni, basi. Panapobaki ni peupe.

“Nafasi tupu si hasara. Jicho nalo linataka pa kupumzikia. Na andika jina unaloitwa mtaani. La kwenye kitambulisho waachie wenye vitambulisho.”

Skolastika anaigeuza kadi, anatazama na nyuma yake. “Na baba je?” anauliza. Vedasto anatikisa kichwa. Mama anazifunga kadi kwenye pindo la khanga na kuondoka.

Saa saba mchana gari jeupe linasimama kando ya mashine ya kusaga. Vedasto amefunga kibanda, yuko pale, mikono kifuani. Dereva anashusha kioo na kusoma: “Tunamtafuta Mama Dismasi.”

“Mama Dismasi wa chakula?” Mzee Yona anadakia. “Aa, karibuni! Karibuni sana!” Anafungua mlango wa gari mwenyewe na kupanda, ingawa nyumba inaonekana kutoka pale.

Wageni wanakagua jiko, wanakaribishwa ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka ya mawese. Ofisa mwanamke anaomba kuongezwa. Wakati wa kuaga anamwambia Skolastika aanze Jumatatu, na vigelegele vinapanda uani.

Vedasto anafuta mafuta midomoni. Anataka siku moja anunue mashine halisi ya kuchapa. Ila ipo kadi moja, anasema, ambayo ataichapa kwa mkono hata akiwa na mashine kumi.

“Vita vikiisha, watu wakarudi kwao na sisi tukaacha kuogopana, nitamchapia huyu mama jina la baba yake, herufi kubwa kuliko zote. Mgeni ashuke garini alisome kwa sauti, na Mzee Yona amjibu, ‘Nyumbani kwake ni pale.’”