Munguti na Injini ya Bisil

Munguti alitoka Ukambani mwaka wa 1988 kuja kutunza injini ya kisima nje kidogo ya Bisil, huko Umasaini, na injini yenyewe ilikuwa na kichwa kigumu kuliko punda. Mkanda ukikatika, aliushona kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Dizeli ikiingia uchafu, aliichuja kwa soksi, tena soksi yake mwenyewe. Miaka kumi na minne maji hayakukosekana hata wiki moja, na hakuna aliyemwambia asante. Ndivyo watu walivyo.

Mwaka wa 2002, kiangazi kikiwa kimekaza, shirika fulani likaleta pampu ya sola. Haikutaka dizeli, haikutaka mtu. Gichuru, fundi aliyeifunga, alimwonyesha Munguti jinsi inavyofanya kazi.

"Mzee, hii haina shida. Jua likitoka, maji yanatoka."

"Na mimi?"

Gichuru akainama kukusanya spana zake. Aliyejibu ni mzee Kuntai, mwenyekiti wa kisima: kamati ilikuwa imesema kazi yake inaisha mwisho wa mwezi. Munguti alikuwa na watoto wanne shuleni, na kazi nyingine hakuijua. Roho ilimuuma vibaya sana. Akasema ni sawa.

Siku ya kwanza hodhi la ng'ombe lilijaa mpaka likamwagika. Hakuja ng'ombe hata mmoja. Siku ya pili vilevile, ndege wakanywa wakashiba. Siku ya tatu Kuntai akaja mbio, na Kuntai si mtu wa mbio.

"Sopa, Munguti."

"Epa, mzee."

"Wachungaji wako mbali huko kwa milima. Hawasikii injini, wanasema imekufa. Wameanza kupeleka ng'ombe Namanga."

"Namanga! Na vile wamekonda, watafika?"

"Hawatafika. Washa hiyo kitu."

"Lakini mzee, injini ilishafunguliwa kwenye pampu. Haivuti maji."

"Kwani nimekuitisha maji?"

Munguti akazungusha hendo ya kuwashia. Injini ikakohoa, ikanguruma, haivuti hata tone. Kufikia saa nane vumbi lilikuwa limeonekana upande wa milima, na kengele za ng'ombe zikaanza kusikika.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo, ikakubaliana kwamba maendeleo ni mazuri, ila hayasikiki.

Munguti alipofika nyumbani, mkewe Phylis alikuwa akipakia vyombo kwenye gunia.

"Fungua," Munguti akamwambia. "Kazi iko."

"Ya kupampu maji?"

"Hapana. Ya kupiga kelele."

"Aki wewe," Phylis akasema, akaanza kutoa sufuria.