Darasa Waliloliita Kliniki

Shuleni kwetu, mteremkoni juu ya mji wa Moshi, kila Jumatano baada ya masomo ya kawaida kuna kipindi cha hiari. Mwanafunzi huchagua mwenyewe: kilimo, kwaya au michezo. Mwaka niliohamia, mkuu wa shule aliongeza somo la nne, stadi za kusoma na kujifunza. Kwa kuwa nilikuwa mgeni na Jumatano sikuwa na kazi, nikapewa mimi.

Lengo lilikuwa wazi. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Wengine wanafika hata Kiswahili chenyewe wanakisoma kwa kukisia. Hao ndio tuliowakusudia. Jumatano ya kwanza nikafungua mlango nikakuta darasa limejaa, na waliolijaza ni wale wanaoshika nafasi za juu.

"Ninyi mmefuata nini?"

"Tunaongezea, Madam," akajibu aliyekuwa wa kwanza kidato cha pili. "Tumesikia unatoa mbinu za pepa."

Niliowahitaji walikuwa nje, wengine wakimwagilia mchicha, wengine wakicheza mpira. Walishalibandika darasa langu jina, kliniki. "Oya, leo si ndiyo tarehe yako ya kliniki?" walitaniana uwanjani, na baada ya hapo nani angethubutu kuonekana akiingia?

Mmoja wao alikuwa binti wa kidato cha pili aliyeishi na bibi yake, mama wa mama yake, jirani na shule. Baba yake ni kibarua wa mashamba ya miwa kule tambarare. Binti alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu na alinakili ubao mzima bila kukosea herufi. Lakini nikimsimamisha asome, alisubiri mwenzake wa dawati amnong'oneze, kisha akarudia kwa sauti ya kujiamini. Siku rafiki huyo alipougua, binti alisimama na kitabu mkononi mpaka darasa likaanza kukohoa. "Madam, macho yananiuma," akasema.

Nikamwita pembeni.

"Jumatano njoo kwangu."

"Mimi niko kilimo, Madam. Kuna ng'ombe wa shule."

"Ng'ombe atalishwa na wengine."

"Kliniki wanaenda wagonjwa, Madam." Alicheka, lakini hakuniangalia.

Nikaenda kwa mkuu kuomba niwachague wanafunzi mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, hiari ni hiari. Ukiwachagua wewe linakuwa somo la lazima, na masomo ya lazima yameshajaza ratiba." Alikuwa sahihi. Nikarudi kuwafundisha wanaojua.

Binti alikuja mwenyewe muhula wa pili, baada ya mtihani wa nusu mwaka. Akaingia akakaa nyuma. Wale wa mbele niliwapa kazi ya kufupisha habari, nami nikakaa naye tukaanza na silabi. Mvua za vuli zilipokaribia alisoma ukurasa mzima wa hadithi ya Kiswahili, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Mmoja wa wale vinara akapiga makofi.

"Acha ujinga wewe," binti akamwambia, huku anatabasamu.

Wiki chache baadaye akafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Kwa Kiingereza.

Matokeo yalitoka Januari: arudie darasa. Kwa upande wa shule huo haukuwa mwisho, kurudia mara moja kunaruhusiwa. Lakini baba yake alikuwa ameshasema kwamba asipovuka kwenda kidato cha tatu atashuka Kahe, huko huko tambarare, kumlelea shangazi yake mtoto.

Kabla shule hazijafunguliwa, bibi alikuja kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu." Nilimvutia kiti lakini hakukaa. Akatoa ndani ya kanga jani la isale lililofungwa fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nimezaliwa mlimani huku, najua maana yake. Watu waliogombania mpaka wa shamba hata wakatoana damu hupatana mmoja akileta isale. Anayeletewa hakatai.

"Mjukuu wangu alikukosea," bibi akasema. "Ulimwita kwenye darasa lako akakudharau, akaenda kwa ng'ombe. Ndiyo ukamfelisha. Ni mtoto, mwalimu. Msamehe avuke."

Alikuwa bado ameninyooshea lile jani. Nikalipokea.

"Aika," akashukuru, akashusha pumzi, na sasa akakaa.

Ilibidi nimweleze akiwa ameshatulia. Nilimwambia sina kinyongo na mtoto, sikuwahi kuwa nacho, na alama si zangu. Mtihani husahihishwa mbali.

"Anakaa wapi huyo anayesahihisha? Tumpelekee."

"Si mtu mmoja, bibi. Ni wengi, siwajui. Na wao hawamjui mjukuu wako. Wanaona namba tu."

Akafikiri. "Sasa mtu asiyekujua unamwombaje?"

Nilimweleza kwamba shule itampokea binti arudie darasa. Nilimwahidi nitazungumza na baba.

Baba alipanda Jumamosi. Nilimkuta uwanjani kwa bibi, migomba ya kihamba chake imelowa, binti amesimama kando na begi lake. Alikuwa mtu mpole. Alivua kofia kunisalimia.

"Mwalimu, nakushukuru kwa huyu. Lakini kurudia ni kwa shule. Mimi sina mwaka wa kurudia."

"Ameanza kusoma. Mpe huu mmoja tu."

"Ameanza sasa?" Hakusema kwa ukali, alitaka kujua kweli. "Na miaka tisa yote alikuwa anafanya nini?"

Binti akaniangalia, naye akisubiri jibu. Nilikuwa nayo majibu mengi, kuhusu madarasa yaliyofurika na ubao wa kunakili, kuhusu watoto wanaovushwa ili dawati lipate nafasi. Yote ni ya kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemrudisha ndani. Nikasema ni swali la haki.

Baba akavaa kofia. Binti akapiga goti kumuaga bibi yake, akanipa mkono, akasema, "Baadaye, Madam," kama anavyosema Ijumaa. Wakashuka kwa miguu kuelekea barabarani.

Bibi aligeukia zizi la ng'ombe wake. Alichukua panga, akaburuta mgomba uliokwisha kukatwa mpaka mlangoni kwa ng'ombe, akaanza kuukatakata uwe malisho, kazi aliyokuwa akifanya mjukuu kila jioni. Nikamwomba panga nimsaidie.

"Acha, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Utomvu wa mgomba hautoki. Utaharibu nguo."

Nikabaki nimesimama hapo mpaka alipomaliza.