Vipepeo Tumboni mwa Mama Pasi

Jirani yangu tunamwita Mama Pasi, hata mumewe humwita hivyo. Ni dobi. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, na kamba inayotoka ukuta hadi ukuta, imejaa nguo za watu. Ukipita dirishani asubuhi utamsikia akimwimbia Mungu, mvuke umemzunguka utadhani yumo ndani ya sufuria.

Mwaka ule nyimbo zilikoma. Akawa anazungumza na nguo.

Sababu ni hii. Mwanawe wa kwanza alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akarudi na mke. Binti mwema, mcheshi, lugha yetu aliidaka upesi. Sasa mama yake akatuma salamu kwamba anakuja kuona mwanawe anaishi wapi, na anaishi na watu gani. Lugha yetu haijui hata neno.

"Mtaongea Kiingereza," mwana alisema, kama mtu anayesema mtakunywa maji.

Mama Pasi aliishia shule ya msingi, kama mimi. Mdogo wake wa kike ni karani, Kiingereza kimemkaa, na alijitolea kutafsiri.

"Sitaki," Mama Pasi alimwambia. "Yule mwanamke amenipa mtoto aliyemzaa kwa uchungu. Anakuja kunijua. Atanijuaje kwa mdomo wako? Wewe salamu zangu ukizipeleka zinafika zimepoa."

"Dada, Kiingereza si shati. Hakinyooki kwa pasi."

"Tutaona."

Alikuwa na mteja mmoja, kijana wa miraba minne, mwalimu wa Kiingereza asiyeweza kunyoosha hata leso. Siku alipofuata mashati yake, Mama Pasi alimsogezea kigoda akamwambia shida yake. Mwalimu akataka kuanza na sarufi.

"Hapana, baba. Salamu na vijineno ninavyo tangu shule. Wewe nipe yale maneno yao ya kuzungukazunguka, mafumbo yao. Watu hawajuani mpaka wamecheka pamoja, na sijamwona aliyechekeshwa na sarufi."

Basi kila mashati yakija, na mafumbo yanakuja. Nilikuwa napeleka ushonaji wangu pale nisikilize.

"Mtu mwenye wasiwasi," mwalimu alisema, "wao husema ana vipepeo tumboni."

"Afadhali yao. Sisi tumbo joto tu, hamna hata mdudu."

"Siri ikitoka, husema paka katolewa mfukoni."

"Sisi tumemwaga mtama kwenye kuku wengi." Aligeuza kola ya shati. "Huyo paka wao asikutane na kuku wetu."

"Na habari usiyoiamini sana, unaipokea na chumvi kidogo."

Hapo Mama Pasi aliinua pasi. "Ngoja. Kwetu anayetia chumvi ni msimuliaji. Kwao anatia msikilizaji?"

"Ndiyo."

"Basi mwongo wetu akisimulia na mtu wao akasikiliza, chungu hicho hakiliki."

Mwalimu alicheka mpaka akasahau mashati yake.

Kati ya masomo alifanya mazoezi. Gauni moja la buluu, la mteja aliyesafiri, lilitundikwa peke yake likawa ndiye mgeni anayekuja. Mama Pasi alilikaribisha, akaliuliza habari za safari, akaliambia ana vipepeo tumboni. Mumewe akipita anauliza, "Leo limekujibu?" Naye anasema, "Linafikiri."

Siku ya mgeni niliitwa kusaidia chai. Nilimkuta jikoni amefumba macho. "Mungu wangu," alikuwa akisema, "Musa ulimpa ndugu wa kumsemea. Mimi ninaye tayari. Nakuomba anyamaze."

Tukaingia sebuleni. Mgeni alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ameibana magotini, amekaa ukingoni mwa kiti. Mdogo mtu amejiweka katikati yao kama daraja. Mama Pasi akamwinulia kiganja anyamaze, akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza kwamba ana vipepeo tumboni.

Mgeni akamtazama tumbo. Kisha naye akajikaza, akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye yuko juu ya mwezi.

Huo mwezi, ambao baadaye tuliambiwa ni furaha tele, mwalimu hakuwa ameufikia. Mama Pasi akatazama dari. Akajaribu paka wa mfukoni; mgeni akachungulia chini ya kiti. Moyo uliniuma, maana nilimwona jirani yangu anaanza kukunja na kukunjua upindo wa kanga yake, na mdogo wake anakohoa kujiandaa kutafsiri.

Mgeni akamgeukia binti yake, akamnong'oneza kwa lugha yao. Binti alishika mdomo, akashindwa, akacheka mpaka machozi.

"Mama anauliza hao vipepeo ni ugonjwa gani, na je, mnayo dawa." Akapangusa macho. "Kiingereza si chetu, mama. Na yeye anajifunza. Miezi yote hii anakariri mafumbo, anasema wewe unakizungumza kama redio."

"Nani kamwambia?"

Sote tukamtazama mwana. Akainamia kikombe chake. "Nilitia chumvi kidogo."

Mama Pasi alihamia kando ya mgeni. Akaacha ya Waingereza, akatumia Kiingereza chake cha shule, neno moja moja: kwetu, woga, tumbo joto. Akajishika tumbo. Mgeni akafunguka uso. Kwao, akasema, moyo hushuka magotini. Akajigonga magoti yake, na yakawa kweli yanacheza. Wakacheka wote wawili, tumbo na magoti.

Kisha mgeni akauliza lile lililomleta. Mwanangu, kwako, ni nani?

Mama Pasi hakutafuta mbali. Akaweka kidole chini ya jicho lake, akaonyesha mboni. Mgeni hakuhitaji kuelezwa. Akaweka kidole chake palepale, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakimtoka. Nami nikarudi jikoni kumshukuru Mungu na kuongeza maji ya chai.

Alikaa wiki nzima. Mchana walishinda chumba cha pasi, mmoja ananyoosha, mwingine anakunja, kila mmoja anamwaga mafumbo ya kwao kwa Kiingereza ambacho mwalimu, alipofuata mashati, alikaa kigodani akakisikiliza bila kusahihisha.

Jioni moja mdogo mtu alipita akawakuta wameegemeana, hawajiwezi kwa kicheko.

"Kasemaje?" akauliza.

Mama Pasi alijipangusa macho kwa foronya ya mteja. "Mdogo wangu," alisema, "hilo halitafsiriki."