Kaa la Moto

Mjukuu wangu wa kike anachoma nyasi kuukuu za banda la kuku hapa Kitale, simu yake ikiimba nyimbo za injili. Huo moshi umenipandisha hasira.

Kwetu Bungoma, babu alikuwa na kijumba cha nyasi mbele ya mlango, kinanifika magotini, pa kuwawekea wazee waliokufa unga wa wimbi. Katekista akaja. "Mzee, choma hicho kwanza ndio ubatizwe. Ndani hamna mtu."

Babu akakataa. Basi yule bwana akanituma mimi jikoni nilete kaa la moto. Nikalileta, mjinga mimi, kwa ajili ya peremende moja. Kijumba kikawaka, unga ukanuka kama uji ulioungua.

Babu akakaa pale akingoja wale wazee waliokufa wampige mtu. Hakupigwa mtu.

"Si nilikwambia?" katekista akacheka. "Sasa twende kanisani."

"Twende," babu akasema. "Mtoto, beba kaa lingine. Tuone kama huko nako kuna mtu."

Katekista akamwita babu shetani, akaenda zake. Jumapili nikabatizwa mimi.

"Kukhu, moto umezima! Niletee kiberiti!" mjukuu ananiita mimi bibi yake kutoka bandani.

"Kuja uchukue mwenyewe. Mimi siwashi."