Sambusa ya Mgeni

Miaka ya tisini, Bi Farhat, mjane wa Tanga aliyehamia Toronto, alikwenda kuona besiboli siku ya kufungua msimu. Watu elfu hamsini wakawazomea wachezaji wa timu ya wageni; yeye akawapigia vigelegele mpaka paa likatikisika.

"Mama, sisi ni wenyeji," mwanawe Feroz akanong'ona.

"Ndiyo maana. Mgeni huzomewa mlangoni? Lazima washinde hawa."

Mwishoni mpira ukaruka kuelekea jukwaani kwao. Mchezaji mgeni akiudaka, wageni wameshinda. Akapanda ukuta, akanyoosha glavu. Bi Farhat kuona mkono wa mgeni mtupu, akatia sambusa ya kikapuni mwake ndani ya glavu. Mpira ukampita ukaangukia jukwaani, wenyeji wakashinda.

"Umewaponza, Mama."

Yule mchezaji, mdomo umejaa, akanyoosha glavu tena.

"Ngoja kwanza," akasema Bi Farhat, "mgeni hajashiba."