Mgonjwa wa Kinyozi

Tangu kiti cha kunyolea kimponde chura wake mguu wa nyuma, kinyozi yule mwenye mdomo usiopumzika sasa hunong'ona. Mgonjwa amelazwa mezani mbele ya kioo, ndani ya beseni lenye udongo mbichi na majani ya kujifichia. Kinyozi akimaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, huzima mashine, hunawa mikono, humnyunyizia chura maji ya ndoo iliyotengwa kwa ajili yake, ndipo arudi upande wa pili.

"Mbona yeye ana ndoo yake?" aliuliza mzee mmoja juzi, nusu ya kichwa ikiwa bado na mvi.

"Maji ya bomba yana dawa, baba, yatamchoma ngozi. Yake nimeyaacha yatulie tangu jana."

"Na yangu?"

"Yako ya bomba."

Kabla mzee hajajibu, chura aliruka kutoka kwenye beseni, akatua pale palipokwisha kunyolewa. Mzee alitoka mbio na chura kichwani, kitambaa kikipepea shingoni. Kinyozi alimfuata hadi mlangoni, machozi ya furaha yakimlengalenga, kunong'ona kote amekusahau.

"Ameruka, jamani, ameruka! Baba, tembea polepole, utamtonesha!"